Mac au Windows? Mwongozo wa kununua kipakatalishi Meru na Embu

KILA mwaka wanafunzi wapya wanapojiandaa kuingia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya (KeMU) au Chuo Kikuu cha Embu, swali moja huzuka nyumbani: ni kipakatalishi kipi kinachofaa kununuliwa? Kwa mzazi anayetegemea bonasi ya majani chai au mauzo ya miraa na muguka, hilo si swali dogo. Mashine ikinunuliwa vibaya, huenda pesa za kununua nyingine zisipatikane hadi mwanafunzi ahitimu.

Ushindani huu ulianza zamani. Kampuni ya Apple ya Marekani ilizindua tarakilishi ya Macintosh mwaka wa 1984, na mwaka uliofuata Microsoft ikatoa toleo la kwanza la Windows. Apple huunda mashine pamoja na mfumo wake wa uendeshaji, macOS. Microsoft nayo huziuzia kampuni nyingi, zikiwemo HP, Lenovo na Dell, idhini ya kutumia Windows. Ndiyo sababu vipakatalishi vya Windows hupatikana kwa bei za kila aina, ilhali Mac mpya ni ghali.

Kozi kwanza

Kuandika insha, kutafuta habari kwenye intaneti na kupiga hesabu za kawaida ni kazi zinazofanyika vyema katika mifumo yote miwili. Tofauti hujitokeza katika programu maalumu. ArcGIS Pro, inayotumiwa kuchora ramani, na TallyPrime ya uhasibu zimeundiwa Windows. Kwa upande mwingine, Xcode, inayotumiwa kuunda programu za iPhone, na Final Cut Pro ya kuhariri video kwenye tarakilishi hazifanyi kazi ila katika Mac.

Mac za zamani zenye chipu za Intel ziliweza kuwekewa Windows kwa njia ya Boot Camp. Njia hiyo haipo katika zile zenye chipu za Apple yenyewe, zilizoanza kuuzwa Novemba 2020. Kwa hivyo ni busara mwanafunzi aulize idara yake orodha ya programu zinazohitajika kabla ya mzazi kutoa hata shilingi moja.

Betri na ukarabati

Umeme unapopotea, Mac hizo mpya zina faida. Apple yenyewe inasema MacBook Air ya M1 yaweza kudumu hadi saa 15 za kutumia intaneti bila chaja. Hata hivyo, kumbukumbu yake ya RAM haiwezi kuongezwa. Anayenunua ya GB 8 atabaki na GB 8 hizo hadi mwisho. Vipakatalishi vingi vya ofisini vya Windows, kama vile HP EliteBook 840, hufunguliwa na fundi, RAM ikaongezwa na diski ikabadilishwa.

Apple haina duka lake lenyewe barani Afrika. Anayetaka Mac aulize mapema ni fundi yupi wa mjini anayeikarabati, vipuri hutoka wapi na huchukua siku ngapi kufika.

Mtego wa mitumba

Wengi hununua mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, na hapa ndipo mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnamo Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 nayo hudai prosesa mpya kiasi. Kwa zile za Intel, aghalabu kizazi cha nane kwenda juu. Nambari ya prosesa hufichua umri wake: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, nayo i5-8350U ni ya nane. Ndiyo maana EliteBook 840 G3 haikubaliki rasmi katika Windows 11, ilhali 840 G5 yenye prosesa ya kizazi cha nane inakubaliwa. Mwenye mashine ya zamani anaweza kuweka Linux, ambayo ni ya bure, mradi kozi yake haidai programu za Windows.

Mac nazo huzeeka. MacBook Air ya 2017 iliishia toleo la Monterey, lililotoka 2021. Apple pia ilitangaza mwaka wa 2025 kwamba Tahoe ndilo toleo la mwisho la macOS kwa mashine za Intel. Mnunuzi ahakikishe vilevile kwamba mwenye Mac wa awali ameiondoa kwenye akaunti yake ya iCloud. La sivyo, huenda ikamfungia nje.

Uamuzi

Kwa mwanafunzi wa kawaida mwenye pesa chache, Windows ya kizazi cha nane au zaidi, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, ndiyo salama. Mac inamfaa ambaye kozi yake inaihitaji au mfuko wake unairuhusu, na heri iwe ya M1 kwenda juu. Vyovyote iwavyo, mashine iwashwe na kujaribiwa dukani, betri ikaguliwe, na dhamana iandikwe kwenye risiti. Wahenga walisema rahisi ni ghali.