Mto Usiokaa Mahali Pamoja

Miji ya kale ya Ulaya ina namna yake ya kumtembeza mgeni. Winchester, kusini mwa Uingereza, kuna njia fupi ya miguu inayofuata mto Itchen. Unaanzia kwenye kinu cha maji, unapita kipande cha ukuta wa Warumi, na muda si mrefu unafika kwenye kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1079. Historia imesimama pale, ya mawe, unaweza kuigusa.

Sasa tembea nami kando ya mto Songwe, upande wa Katumba Songwe, wilayani Kyela. Njia ni ya udongo. Kuna migomba, mashamba ya mpunga, michikichi, na mikakao iliyojificha kivulini. Ng'ambo ni Karonga, nchini Malawi, na ng'ambo hiyo inafanana mno na huku. Hakuna ukuta wala kanisa kuu la mawe. Mpita njia anaweza kudhani kwamba hapa hakuna cha kusoma. Kipo, ila kimehifadhiwa katika vitu visivyosimama: mianzi, maneno, na mto wenyewe.

Mwaka 1879 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa na kuvutiwa sana na vijiji vya Wanyakyusa, vyenye nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi katikati ya migomba. Hazikujengwa ili zidumu miaka elfu. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huku miaka ya 1930, walieleza vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao na kujenga kijiji chao, na wakati ulipofika wazee wakawakabidhi uongozi. Nyumba ilioza, utaratibu wa kukabidhiana ukabaki. Kusini mwa Songwe walikuwa Wangonde, watu wa Kyungu. Masimulizi ya pande zote mbili yanawataja watawala waliotoka milima ya Ukinga, na lugha zao zinasikilizana hadi leo. Huku ukishukuru unasema *ndaga*. Kule wanasema *ndagha*. Mto ulikuwa kitu cha kuvuka.

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba mjini Berlin. Mstari wa mpaka ulifuata ufuko wa ziwa mashariki, kaskazini na magharibi, hadi ukingo wa kaskazini wa mlango wa Songwe, kisha ukapanda na mto. Waliokaa mezani walihitaji alama inayoonekana kwenye ramani, na mto ukawatosha. Kipande cha ufukweni ndicho ambacho Tanzania na Malawi bado hazijakubaliana. Kipande cha mto kiligeuka mstari wa vita mapema zaidi. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka Songwe kwenda kuishambulia Karonga, kikashindwa tarehe 9 na kurudi kilikotoka. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yakavuka mpaka kutoka kusini. Mizigo ya vita hivyo ilibebwa na Waafrika ambao hakuna aliyewauliza mstari upite wapi.

Kosa la meza ile lilikuwa kudhani kwamba mto hukaa. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi Tanzania. Songwe unashuka kutoka nyanda za juu ukiwa umebeba mchanga na tope. Ukifika tambarare kasi inapungua, mchanga unatua, njia inaziba, na mto unatafuta njia nyingine. Shamba linaweza kulala Tanzania likaamka ng'ambo. Mwenye shamba hakusogea hata hatua moja. Ndiyo maana serikali mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la Songwe, yenye makao yake Kyela, na kuituliza njia ya mto ni miongoni mwa mambo yaliyozikutanisha.

Tusidhani kwamba wenye mawe wamesalimika. Kanisa la Winchester lilijengwa juu ya ardhi iliyolowa maji, na mwanzoni mwa karne ya 20 kuta zake zilikuwa zinapasuka. Kati ya 1906 na 1911 mzamiaji aitwaye William Walker alishuka chini ya kuta hizo, ndani ya maji yenye giza, akipanga mifuko ya saruji kwa mikono. Kanisa halikusimama lenyewe. Kuna watu waliokubali kwamba linastahili jasho lile.

Swali la Songwe ni hilohilo: tunataka kushikilia nini? Kingo zikiimarishwa, mpunga na nyumba vitapona mafuriko, na hilo ni jambo jema. Lakini mstari ukishatulia, utakuwa umetulia kwa ajili ya nani? Ndoa na misiba ya huku huvuka maji, na mtu anayekwenda kumzika mjomba wake ng'ambo haendi ughaibuni. Mwaka 1890 wakazi wa kingo hizi hawakuwa na kiti mezani. Safari hii wahandisi wanachora mto wakiwa Kyela, si Berlin. Mkulima wa Katumba Songwe anaweza kufika huko, akakaa, na kueleza mto ulipita wapi wakati wa bibi yake.