Njia ya Kwenda Ngarambe

Abiria wa basi la Lindi au Mtwara huvuka Daraja la Mkapa kwa dakika chache, akaipita Ndundu bila hata kugeuza shingo, safari ikaendelea kuelekea Somanga. Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003, hapa palikuwa pa kusubiri kivuko, na msafiri alikuwa na muda wa kuutazama mto Rufiji. Karne moja nyuma, watu kutoka Uzaramo waliuvuka mto huohuo na kuendelea kwa miguu hadi Ngarambe, ndani kabisa, jirani na pori. Walikuwa wakifuata dawa.

Agosti 4, 2025 ilitimia miaka 120 tangu Wajerumani walipomnyonga, huko Mohoro, mtu aliyekuwa akiigawa dawa hiyo, Kinjikitile Ngwale. Kila Februari 27 taifa hukusanyika Songea, kwenye makumbusho ya Majimaji, kuwakumbuka viongozi wa Wangoni walionyongwa mwaka 1906. Ni haki yao. Lakini vita vya Majimaji vilianzia huku, na Rufiji haijapata heshima inayolingana na ile ya Songea.

Kisa cha Ngarambe kinajulikana zaidi kutokana na simulizi za wazee wa Umatumbi na Rufiji zilizokusanywa na mwanahistoria Gilbert Gwassa, naye pamoja na John Iliffe wakazichapisha katika kitabu kidogo mwaka 1968. Wazee walieleza kwamba siku moja ya mwaka 1904, asubuhi, Kinjikitile alipagawa na pepo aitwaye Hongo. Alilala kifudifudi, mikono kaitanguliza mbele, akawa anaserereka ardhini kuelekea kwenye kidimbwi cha mto. Ndugu walimshika, akawashinda nguvu. Alizama mbele ya macho yao, na waliojitosa kumtafuta hawakuona kitu. Ukoo ukakesha kando ya maji, wengine wakiamini msiba umeshaingia.

Kesho yake, saa ileile, akatoka. Nguo zake zilikuwa kavu.

Tangu hapo akaanza kutabiri: waliokufa watarudi, na simba na chui hawatakula watu tena. Akajenga nyumba kubwa ya kupokea wageni. Habari zikasambaa kwa mnong'ono wa siri ulioitwa nywinywila, kijiji hadi kijiji, na makundi kwa makundi yakashika njia. Ngarambe walipewa maji yaliyochanganywa na nafaka, mengine ya kunywa, mengine ya kunyunyiziwa. Wenyeji wa bonde hawakuona ajabu mtu kutembea mwendo mrefu kufuata mganga. Bokero, mzimu wa kwenye mto Rufiji, alikuwa akiendewa zamani kwa ajili ya mvua, na Kolelo kule Uluguru vivyo hivyo.

Je, walikwenda kutafuta vita? Hapo ndipo wanahistoria wanapogawanyika. Gwassa aliona maandalizi ya vita vya ukombozi, na ndivyo somo lilivyoingia madarasani, hasa baada ya tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969. Mwaka 1997 Thaddeus Sunseri alikuja na hoja nyingine kuhusu Uzaramo: nguruwe mwitu. Serikali ya Kijerumani ilikuwa imebana uwindaji wa wenyeji, nao wanaume wakachukuliwa kwenda kufanya kazi kwingine na kwenye mashamba ya pamba. Wanawake wakabaki peke yao kulinda mazao. Katika hali hiyo, dawa ya kulinda shamba ilikuwa na thamani kama ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Mtu wa Rufiji aliyewahi kukesha juu ya dungu akifukuza wanyama mpungani hatahitaji kushawishiwa sana.

Na huyo nguruwe hakuwa wa bahati mbaya. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitangaza hifadhi za kwanza za wanyama katika koloni, mojawapo kandokando ya Rufiji. Pori likawa la serikali. Mwaka 1905, mwishoni mwa Julai, wenyeji waling'oa pamba Nandete, Umatumbi, na vita vikaenea sehemu kubwa ya kusini. Waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyofuata, Gwassa aliwakadiria kuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Waingereza walipoitwaa nchi, mwaka 1922 waliliita pori hilo Selous, jina la Frederick Selous, mwindaji wao mashuhuri aliyeuawa kwa risasi Beho Beho Januari 4, 1917. Mtu aliyejipatia sifa kwa kuua tembo ndiye aliyepewa pori, na aliyetaka kuokoa mahindi akapewa kitanzi! Huko kwao Waingereza nao walipigania njia za miguu. Mwaka 1932 mamia waliingia kwa makusudi mlima wa Kinder Scout, uliotengwa kwa ndege wa kuwindwa na matajiri, na watano wakafungwa. Leo njia hizo ni fahari yao.

Selous iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1982, na mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ngarambe na kijiji jirani cha Tapika vina eneo lao la hifadhi ya jamii, MUNGATA. Kwa hiyo pori lipo, na watalii wapo.

Kinachotakiwa sasa ni Wizara ya Maliasili na Utalii, pamoja na halmashauri za Rufiji na Kibiti, kuiweka alama njia ya miguu kutoka mtoni hadi Ngarambe, kisha Mohoro, na kuwaachia vijana wa vijiji hivyo kazi ya kuwaongoza wageni.