Miaka Elfu Mbili ya Kutafuta Kinachosukuma Mshale

Mshale uliotoka kwenye upinde uliwasumbua wanafalsafa wa kale kuliko mkokoteni au ng'ombe wa jembe. Mkokoteni usiposukumwa husimama, na ng'ombe akigoma jembe halisogei, kwa hiyo ilikuwa rahisi kukubali kwamba pasipo msukumo hapana mwendo. Mshale haushikwi na mtu angani, nao unakwenda. Aristotle (384–322 KK), ambaye maandishi yake yalitawala somo la mwendo kwa karne nyingi, aligawa mwendo mafungu mawili. Upo wa asili: jiwe hushuka kwa kuwa chini ndiko kwao, na moto hupanda kwa sababu hiyo hiyo. Upo pia wa kulazimishwa, ambao sharti uwe na kisukumaji kinachogusana na kitu muda wote wa safari. Kuhusu mshale alijibu kwamba hewa iliyotikiswa wakati wa kuutupa ndiyo inayoendelea kuusukuma. Alifundisha pia kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi, kwa kadiri ya uzito wake.

Mafundisho hayo hayakuwa ya kipuuzi. Ndivyo mambo yanavyoonekana katika ulimwengu uliojaa msuguano, na mwanafunzi anayeanza fizikia leo huingia darasani akiwa na mawazo yale yale, bila kufundishwa na mtu. Kasoro yake ni kwamba msuguano haukuhesabiwa kuwa kani. Kusimama kwa mkokoteni kulichukuliwa kuwa ni tabia yake tu, kumbe kuna kani inayousimamisha.

Aliyelishambulia jibu la hewa waziwazi ni John Philoponus wa Aleksandria, katika karne ya 6 BK. Ikiwa hewa inaweza kuupeleka mshale, aliuliza, kuna haja gani ya upinde? Ingetosha kuutegesha mshale juu ya kijiti na kuivurumisha hewa nyuma yake, na kila mtu anajua kwamba hautasogea. Alitaja pia kwamba mizigo miwili yenye uzito unaotofautiana sana, ikidondoshwa kutoka kimo kimoja, hufika chini kwa tofauti ndogo mno ya muda. Maoni yake yalikuwa kwamba mtupaji hukipa kitu nguvu fulani, nayo husafiri ndani ya kitu hicho.

Wazo hilo lilikua mikononi mwa wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu. Ibn Sina (980–1037) aliiita nguvu hiyo mayl, akasema kwamba haichakai yenyewe, bali huondolewa na vipingamizi vya nje kama hewa. Kwa mantiki hiyo, kitu kilichotupwa mahali patupu kabisa kingekwenda bila kikomo. Hapo alikuwa amefika mlangoni; lakini kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona mwendo wa namna hiyo, akahitimisha kwamba mahali patupu hapawezi kuwapo.

Huko Paris, katika karne ya 14, Jean Buridan alitumia ushahidi wa watu wa kazi. Jiwe la kinu likishazungushwa kwa bidii huendelea kuzunguka baada ya mkono kuondolewa, na kwa kuwa halihami mahali pake, hakuna nafasi inayobaki nyuma yake ili hewa iingie na kulisukuma. Mashua inayokokotwa kupanda mto nayo huendelea kidogo baada ya kamba kulegezwa. Baharia aliyesimama juu yake hahisi upepo wowote mgongoni. Anauhisi usoni, ukimpinga. Buridan alisema nguvu iliyomo ndani ya kitu hukua kwa kadiri ya maada yake na kasi yake, na ndiyo maana jiwe hutupwa mbali kuliko unyoya. Hata hivyo, kwake mwendo bado ulihitaji kitu cha kuuendeleza. Alichofanya ni kukihamisha kisukumaji kutoka nje hadi ndani.

Hatua iliyofuata ilihitaji vipimo. Mwaka 1586 Mholanzi Simon Stevin alichapisha habari za jaribio la kudondosha matufe mawili ya risasi, moja zito mara kumi kuliko jingine, kutoka kimo cha futi 30. Mlio wa kutua kwao ulisikika kama mmoja. Jaribio kama hilo husimuliwa zaidi kuhusu Galileo Galilei (1564–1642) na mnara wa Pisa, ingawa kisa hicho kinatokana na wasifu ulioandikwa na mwanafunzi wake Vincenzo Viviani miaka mingi baadaye.

Kazi ya Galileo yenye uzito ni ile ya ubao. Kitu kinachoanguka wima huenda upesi mno kwa saa za wakati ule, hivyo aliamua kulipunguza makali anguko lenyewe. Alichukua ubao wa urefu wa dhiraa 12 hivi, akauchonga mfereji ulionyooka, akautandika ngozi laini, kisha akauinamisha na kuviringisha tufe la shaba nyeusi. Muda aliupima kwa maji: chombo kikubwa kilitiririsha uzi mwembamba wa maji ndani ya kikombe, na maji yaliyokusanywa yakapimwa kwenye mizani. Tufe lilipopewa robo tu ya urefu wa ubao, lilitumia nusu kamili ya muda. Umbali, basi, hukua kwa mraba wa muda: katika muda maradufu tufe huenda umbali mara nne. Maana yake ni kwamba kasi huongezeka kwa kiasi kile kile katika kila kipande cha muda.

Kutoka kwenye ubao huo Galileo alipata hoja nyingine. Tufe likishuka mteremko mmoja na kupanda mwingine, hujaribu kurudi karibu na kimo lilikoanzia. Mteremko wa pili ukilazwa zaidi, tufe husafiri mbali zaidi kabla ya kusimama. Ukilazwa kabisa, na msuguano ukiondolewa, hakuna sababu ya tufe kusimama. Swali la kale likageuka: kinachohitaji kuelezwa si kuendelea kwa mwendo, ni kubadilika kwake.

Hilo lilikuwa na uzito katika ubishi kuhusu Dunia. Waliokataa kwamba inazunguka walidai kuwa jiwe lililodondoshwa kutoka mnarani lingeachwa nyuma. Galileo aliwajibu katika kitabu cha mwaka 1632 kwa mfano wa merikebu, na mwaka 1640 Pierre Gassendi akaujaribu Marseille. Wapiga makasia walipokuwa wakiikimbiza merikebu, jiwe liliachiliwa kutoka juu ya mlingoti, nalo likaangukia chini ya mlingoti ule ule, kana kwamba chombo kimetia nanga. Jiwe lilikuwa na mwendo wa merikebu tangu mwanzo, na hakuna kilichouondoa.

René Descartes aliongeza mwaka 1644 kwamba mwendo usioguswa hufuata mstari mnyoofu. Isaac Newton aliyakusanya yote katika kitabu cha mwaka 1687, kwa kanuni tatu. Ya kwanza ni ya inesha: kitu hubaki kimetulia au kikienda sawasawa katika mstari mnyoofu mpaka kani ikibadilishe. Ya pili hulinganisha badiliko hilo na kani iliyotumika. Ya tatu, inayowatatiza wanafunzi wengi, husema kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo. Newton alitoa mfano wa farasi anayevuta jiwe kwa kamba: jiwe nalo humvuta farasi kwa kani ile ile. Jiwe husogea hata hivyo, kwa sababu kani hizo mbili haziko juu ya kitu kimoja. Ili kujua mwendo wa jiwe huhesabiwa kani zilizo juu ya jiwe tu, yaani mvuto wa kamba na msuguano wa ardhi. Msukumo wa ardhi kwenye kwato za farasi ni hesabu ya farasi.

Mlingano unaoandikwa ubaoni leo, kani ikiwa ni tungamo (kiasi cha maada) mara mchapuko (kadiri kasi inavyobadilika kwa muda), haumo katika kitabu cha Newton kwa sura hiyo. Leonhard Euler ndiye aliyeuweka mwaka 1750 kuwa kanuni kuu ya mekanika. Mwaka 1948 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliipa kani kizio chenye jina la Newton: nyutoni 1 ni kani inayolipa tungamo la kilogramu 1 mchapuko wa mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde.