Beni (ngoma)

Beni ni ngoma ya mashindano ya Afrika Mashariki iliyoiga bendi za kijeshi: ngoma kubwa, tarumbeta, gwaride, sare na vyeo. Ilizuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea hadi Tanga na Dar es Salaam, ambako vyama vya Marini na Arinoti vilishindana vikali.

Kila chama kilikuwa na mfalme na maofisa wake, na wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mchezaji aliweza kupandishwa cheo na kuwafundisha wageni gwaride. Hukumu ilikuwa ya watazamaji, waliopima mavazi, mafumbo ya nyimbo na ukubwa wa karamu. 

Wakati wa Vita Kuu ya 1914–1918, askari na wapagazi waliipeleka beni bara. Pande za Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga, ambamo tarumbeta hutengenezwa kwa kibuyu chenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume.

Ukanda wa Mbeya na Iringa uliguswa pia na mkondo wa tarumbeta za kanisa: Wamoravian na Waluteri wa Ujerumani, waliofika nyanda hizo 1891, walitoka katika desturi ya vikundi vya tarumbeta. Mwanahistoria Terence Ranger alichapisha utafiti mpana kuhusu beni mwaka 1975.