Nyota na Wapambe Wao: Mahaba na Ujira katika Sinema

Katika visa vya kale vya mahaba, kizuizi baina ya wapenzi wawili aghalabu kilikuwa nasaba, au mali, au dini, au uadui wa aila mbili. Lakini sinema, ambayo ni fani ya karne ya 20 na yenye wakubwa wake wa namna mpya, ilileta kizuizi ambacho watunzi wa zamani hawakukishughulikia sana, nacho ni ujira. Nyota ni mtu ambaye maelfu humwona na wachache humjua. Na hao wachache, yaani dereva, mpishi, mpambaji, katibu, mlinzi na meneja, karibu wote hulipwa ili wawe karibu naye. Mahaba yakizuka kati ya watu wa hali hiyo, mtazamaji hujiuliza kwanza kama penzi lile limo ndani ya mshahara au limo nje yake, na katika filamu nitakazozitaja jawabu halipatikani mpaka siku kazi inapokoma au inapovunjwa.

Watu wa pwani hawakungoja sinema iwafahamishe kwamba nyumba ya mkubwa ina hatari kwa kijana mzuri anayetumika humo, kwa sababu kisa cha Nabii Yusuf na mke wa Azizi wa Misri kimesomwa na kutungiwa tenzi kwetu tangu zama za wazee wetu. Lakini Yusuf alikuwa mtumwa aliyenunuliwa. Hakuwa na mkataba wa kuuvunja wala mshahara wa kuurudisha, na njia yake ya pekee ilikuwa kukimbilia mlangoni.

Hollywood ilianza kujitazama yenyewe mapema. Mwaka 1932 mwongozaji George Cukor alitoa filamu ya What Price Hollywood?, juu ya mhudumu wa mkahawa anayepandishwa kuwa nyota na mwongozaji mlevi, na miaka mitano baadaye ikafuata A Star Is Born, ambayo imekwisha rudiwa mara tatu, mwaka 1954, 1976 na 2018. Hizo husimulia kupanda na kushuka. Kisa cha mwajiri na mwajiriwa chenyewe kilipata umbo lake kamili mwaka 1950, katika Sunset Boulevard ya Billy Wilder, na kwa maoni yangu hakijapata kusimuliwa vizuri zaidi ya hapo.

Joe Gillis, mwandishi wa hadithi za sinema aliyesongwa na madeni, akiwa katika kuwakimbia watu waliotaka kulichukua gari lake, anajificha katika banda la jumba lililochakaa, na bibi wa jumba lile, Norma Desmond, aliyekuwa malkia wa sinema katika siku zile ambazo picha zilikuwa bado hazisemi, anamdhania kuwa ni mtu aliyeitwa kuja kumzika sokwe wake. Makosa hayo yakisha kusahihishwa anamwajiri autengeneze mswada wa filamu anayoota kurejea nayo mbele ya watu. Kwanza Gillis analala juu ya banda la magari. Halafu anahamishiwa ndani ya nyumba. Halafu anapelekwa dukani kununuliwa mavazi, na hapo ndipo Wilder anapoonyesha ustadi wake wote kwa muda mfupi kabisa, kwani muuzaji anamwinamia Gillis sikioni na kumshauri kwamba, maadamu bibi ndiye mwenye kulipa, ni heri achukue koti la sufu iliyo ghali zaidi. Uso wa Gillis wakati ule ni uso wa mtu aliyetambua kwamba amekwisha kupewa bei. Usiku wa mwaka mpya anakuta karamu iliyoandaliwa kwa fahari, wapiga muziki wamo, sakafu imesuguliwa, na wageni hakuna ila yeye.

Lakini ashiki wa kweli katika jumba lile ni Max, mtumishi na dereva. Yeye ndiye anayeziandika kwa siri barua zote ambazo Norma huamini kuwa zimetoka kwa wapenzi wa sanaa yake, na baadaye tunajua kuwa Max ndiye mwongozaji aliyemgundua Norma angali kijana, na tena ndiye mumewe wa kwanza, aliyechagua kurudi kama mtumishi kuliko kukaa mbali naye. Erich von Stroheim, aliyeigiza kama Max, alikuwa kweli amemwongoza Gloria Swanson, aliyeigiza kama Norma, katika Queen Kelly, na vipande vya filamu ile ndivyo Norma anavyojitazamia sebuleni. Gillis anapofunga virago ili aache kazi na penzi kwa pamoja, anapigwa risasi na kuanguka katika bwawa la kuogelea.

Mwaka huo huo ilitoka All About Eve, ambamo katibu wa nyota wa tamthilia anataka cheo cha bibi yake na mchumba wake pia. Huko mahaba ni hila tupu, na anayeitambua mapema ni Birdie, mpambe mzee wa chumba cha mavazi.

Kwetu sisi tuliolelewa na filamu za Kihindi, mfano ulio karibu zaidi na moyo ni Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, ya mwaka 1959. Mwongozaji mashuhuri anampa koti lake msichana aliyeloa mvua. Msichana anakwenda studio kulirudisha, anapita mbele ya kamera bila kujua, na kwa mpito ule anakuwa nyota. Waheeda Rehman aliigiza kama msichana huyo na Guru Dutt mwenyewe kama mwongozaji. Kisha mizani inapinduka: msichana anapanda, bwana anashuka kwa ulevi na upweke, mpaka siku moja anajikuta amekodiwa kama mwigizaji mdogo wa malipo ya siku katika filamu ya msichana yule yule ambaye yeye alimwajiri zamani, naye akishatambuliwa anakimbia. Filamu ilipotoka watu hawakuipokea, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji.

Wakorea wa karne hii wameitendea habari hii kwa wepesi zaidi, na kwa uchangamfu ambao mimi huupenda japo siuamini daima. Katika Full House ya mwaka 2004, mwigizaji mashuhuri na mwandishi kijana aliyepoteza nyumba wanafunga ndoa ya mkataba, wenye masharti yaliyoandikwa, na bibi arusi anapika na kufagia ili kulipa deni. Mfululizo wa mwaka 2022 uitwao Byeolttongbyeol unaingia ofisini kabisa: mhusika wake mkuu ni mkuu wa idara ya mahusiano ya umma katika kampuni ya nyota, ambaye kazi yake ya kila siku ni kukanusha uvumi wa mapenzi ya watu wengine, mpaka uvumi unaofaa kukanushwa unakuwa wake mwenyewe.

Filamu iliyoienea dunia kupita hizo zote ni The Bodyguard ya mwaka 1992. Lawrence Kasdan aliiandika katikati ya miaka ya 1970, akimkusudia Steve McQueen pamoja na Diana Ross, nayo ikangoja hata ikawafikia Kevin Costner na Whitney Houston. Watu hukumbuka risasi katika ukumbi wa tuzo za Oscar. Mimi naona kitovu chake ni asubuhi ile baada ya usiku wa kwanza, mlinzi anapomwambia bibi yake kwamba hawezi kumlinda na kumpenda kwa wakati mmoja, na bibi, aliyezoea kutiiwa na watu anaowalipa, anaghadhibika kama aliyetukanwa. Busu la kuagana uwanjani mwa ndege linawezekana kwa sababu kazi imekwisha.

Wimbo wake mkuu ulikaa wiki 14 juu ya orodha ya nyimbo za Marekani, na sahani ya nyimbo za filamu imeuzwa nakala zaidi ya milioni 40. Ni wachache waliouimba harusini waliojua kwamba Dolly Parton, aliyeutunga akautoa mwaka 1974, hakuwa akimwaga mpenzi: alikuwa akimwaga mwajiri wake, Porter Wagoner, nyota wa televisheni ambaye Dolly alikuwa akiimba katika kipindi chake tangu mwaka 1967, na aliyekuwa hataki kumruhusu aende zake. Mwaka 1979 Wagoner alimshitaki kwa kuvunja mkataba, akidai dola milioni 3, na shauri hilo likamalizwa kwa mapatano nje ya mahakama.