Historia ya Noti za Kongo, Tukianzia Kalengera

Noti ndogo kuliko zote za franga ya sasa ya Kongo ni ya santimu 1. Mbele kuna mwanamke anayechuma kahawa, nyuma kuna mlima Nyiragongo. Imeandikwa tarehe 1 Novemba 1997 na ikaingia mikononi mwa watu tarehe 30 Juni 1998. Mtu wa Kalengera, pale kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, akiishika anaona mambo ya kwao: zao lililosomesha watoto wengi, na mlima ambao Januari 2002 ulimwaga moto hadi katikati ya mji wa Goma. Wauzaji wa noti wa Ulaya huiuza kwa bei ya chini kabisa. Mimi nasema ndiyo ya kwanza kutafutwa na yeyote anayetaka kukusanya noti upande huu wa nchi.

Safari ya noti zetu ilianza zamani. Mwaka 1896 dola la mfalme Leopold lilitoa noti za franga 10 na za franga 100, na leo hizo ni za matajiri na makumbusho. Banque du Congo Belge ilianzishwa mwaka 1909, na mwaka 1912 noti zake zikaanza kutoka zikiwa na majina ya miji: Elisabethville, Matadi, Stanleyville. Wabelgiji walipochukua Ruanda-Urundi kwa Wajerumani mwaka 1916, pesa ikawa moja pande zote mbili za mpaka. Kuanzia 1952 benki iliyotoa noti ilibeba jina la nchi zote, Banque Centrale du Congo Belge et du Ruanda-Urundi. Anayevuka leo mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, Rwanda, akibadilisha pesa kila asubuhi, inafaa aione noti ya benki hiyo. Bibi yake aliuza na kununua kote huko bila kubadilisha chochote.

Baada ya uhuru, Katanga iliyojitenga chini ya Tshombe ilitoa noti zake zenye sura yake, na mwaka 1963 zikaisha pamoja na utawala wake.

Tarehe 23 Juni 1967 ikaja zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franga 1,000, ikagawanywa makuta 100, na kwa bei ya serikali ilikuwa dola 2 za Marekani. Kisha ikafika Desemba 1979. Siku ya Noeli, Mobutu alifuta noti za zaire 5 na zaire 10, akawapa watu siku chache tu za kwenda kuzibadilisha. Mkulima aliyekuwa mbali na benki, mwenye akiba ya kahawa ndani ya mkebe, habari ilimfikia muda ukiwa umeshakwisha. Kwa hiyo noti ya namna hiyo ikitoka leo kwenye sanduku la marehemu, imenyooka, haina hata mkunjo, uliza kwanza ilikaaje hapo kabla ya kuuliza bei yake. Ile ilikuwa mahari ya mtu, au bati za nyumba ambayo haikuezekwa.

Miaka ya tisini sifuri ziliongezeka mpaka noti ya zaire 5,000,000. Waziri mkuu wa wakati ule, Tshisekedi, alitangaza kwamba si halali. Januari 1993 wanajeshi wakalipwa kwa noti hiyo, wenye maduka wakaikataa, na Kinshasa ikaporwa. Watu wengi walikufa, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Oktoba mwaka huohuo zaire mpya 1 ikachukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Kasai waliikataa, wakaendelea na zile za zamani. Na franga ya 1998 ilipokuja, 1 yake ilikuwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu: ni bilioni 300 za zaire ile ya 1967.

Duniani, noti hupangwa kwa namba za Albert Pick, Mjerumani aliyetunga orodha kubwa ya noti za nchi zote, na kila mkunjo hushusha thamani. Kwa mwenye duka la noti hilo ni sawa. Kwetu, mkunjo, doa la mafuta ya mawese na hesabu iliyoandikwa kwa bic pembeni ndivyo vinavyoonyesha noti ilipita wapi. Weka safi moja kama ukiipata, lakini usiitupe iliyochoka. Usiioshe, usiipige pasi, usiibandike gundi. Mifuko laini ya plastiki ya dukani huishia kushikana na noti. Bahasha ya karatasi kavu ni afadhali.

Kazi kubwa iko sasa hivi. Tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufungwa, franga mpya hazikuja tena, na zilizokuwepo zimezunguka mpaka zikachanika. Wauzaji wanazigeuzageuza, wanazirudisha. Nyingine zimeunganishwa kwa skochi nusu kwa nusu. Hapa naondoa katazo langu la gundi, kwa sababu skochi hiyo iliwekwa na mama wa soko ili apate kununua unga. Chukua moja ya franga 500 na moja ya 1,000, uziache zilivyo. Juu ya bahasha andika mwezi, soko, kitu ulichokuwa unanunua, na kama muuzaji aliipokea au aliikataa.