Kericho, dawa na herbata

Kila tarehe 21 Mei, Siku ya Kimataifa ya Chai, hotuba za Kericho na Bomet, kaunti za chai nchini Kenya, huzunguka bei ya majani mabichi, bonasi, na mashine za kuchumia zilizoteketezwa Mei 2023. Majina, la chai na la Kericho, hayazungumzwi, nayo yana mengi ya kusimulia.

Karibu dunia nzima hukiita kinywaji hiki kwa Kichina. Cha ilipita Uajemi na India, ikatufikia ikiwa chai. Te, matamshi ya pwani ya Fujian, ilipanda merikebu za Waholanzi na kuenea Ulaya Magharibi. Wapolandi ndio wajeuri: wao husema herbata, kutokana na Kilatini herba thea. Herba ni jani au mmea, na kwa waganga wa zamani ni mmea wa tiba. Chai ilipoingia Ulaya katika karne ya 17, wengi waliinunua kwa wauza dawa. Walithuania nao husema arbata. Cha kuchekesha, birika la Wapolandi ni czajnik, neno la Kirusi: chai waliyoifukuza mlangoni ikaingilia jikoni.

Huku kwetu nako kuna ugomvi wa jina. Jina Kericho limetoka wapi? Simulizi moja humtaja Ole Kericho, kiongozi wa Kimaasai anayesemekana kuuawa na Wagusii vitani katika karne ya 18. Nyingine humtaja Kipkerich, mganga wa mitishamba aliyeishi hapo wakati wa ukoloni. Wenye simulizi hii ya pili wana hoja nzito: kwa Kikalenjin, dawa ni kerichek. Ile ya Mmaasai hupendwa kwa sababu ina mikuki. Mimi naegemea kwa mganga. Basi mji wa chai na herbata ya Warsaw vyote vimechota kwenye mfuko wa tabibu, bila kujuana.

Chai yenyewe ilianza kupandwa nchini huko Limuru mwaka 1903. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikaileta Kericho kibiashara katikati ya miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo Wakipsigis wanaidai hadi leo. Ukoo wao wa Talai ulihamishiwa Gwassi na serikali ya kikoloni mwaka 1934. Mashamba yamebadilisha wenyewe tangu hapo, na sehemu kubwa ya chai yetu bado huuzwa nje kwa jumla na kuchanganywa na ya nchi nyingine. Mnywaji wa Warsaw huenda anakunywa Kericho kila asubuhi, na pakiti haimwambii.